Sentimita 65 za theluji mpya Berthoud Pass: Jumamosi tupande au tusubiri?

Nyikani_Aurora:

Wakuu habari zenu. Tuko watano hapa Aurora, Colorado, na Jumamosi tunataka kwenda Berthoud Pass na skii, nje kabisa ya viwanja vya lifti: tunapanda kwa ngozi (vitambaa vyenye nywele vinavyobandikwa chini ya skii zisirudi nyuma) na kushuka wenyewe. Dhoruba ilianza Jumanne ikaisha Alhamisi usiku. Imeacha sentimita 65, na upepo wa magharibi haukutulia muda wote huo.

Utabiri wa CAIC (kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji) unatoa kiwango cha hatari cha 3 kati ya 5 kwa miteremko inayotazama kaskazini, kaskazini-mashariki na mashariki, kuanzia mpaka wa miti (pale miti inapoishia mlimani) kwenda juu. Chini ya mpaka wa miti ni 2. Tatizo lililotajwa ni bamba la theluji (theluji iliyoshikana, inayoweza kukatika na kushuka kwa pamoja) lililokaa juu ya tabaka dhaifu la kudumu. Watatu wana kozi ya kwanza ya usalama wa maporomoko ya theluji, wawili wanateleza vizuri viwanjani lakini huku hawajawahi kufika. Transiva (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyezikwa na theluji), beleshi na fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliye chini, kila mtu anavyo.

Naomba kujua: siku moja na nusu baada ya dhoruba inatosha? Twende mteremko wa namna gani? Na hao wageni wawili tuwaandae vipi kabla ya kuondoka kwenye gari?

TabakaDhaifu:

Mkuu, anza na hiyo namba 3. Watu huisoma kama "katikati", ndiyo maana inaua kuliko 4 na 5. Kwenye 4 wengi hubaki nyumbani. Kwenye 3 theluji ni tamu, anga limefunguka, na kila mtu anajiona ana nafasi. Maana yake halisi ni kwamba mtu mmoja akiingia mteremko usiofaa, kuanzisha poromoko ni jambo la kutarajiwa. Karibu mara tisa katika kumi, poromoko linalomzika mtu huwa limeanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake.

Sasa kuhusu siku moja na nusu. Kwa milima ya pwani, kama kule jimbo la Washington, theluji hushikamana upesi, na saa 24 hadi 48 mara nyingi hubadilisha mambo. Colorado haiko hivyo. Oktoba na Novemba huku theluji huwa nyembamba, ardhi chini yake iko karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na hewa ya usiku ni baridi kali. Tofauti ya joto ikizidi nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke unapanda kutoka chini na kuzigeuza chembe kuwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Chukua konzi ya theluji ya chini kabisa uifinye kwenye glavu: inamwagika yote kama sukari. Tabaka hilo linaweza kukaa wiki nyingi, wakati mwingine msimu mzima.

Juu yake ndipo zimekaa sentimita 65. Chukulia kwamba theluji hiyo ni nyepesi, maji asilimia 8 tu. Ni kama sentimita 5 za maji, yaani kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Mteremko wa mita 30 kwa 30 umeongezewa tani 45 ndani ya siku tatu, na hapo sijahesabu upepo. Upepo unaweza kurundika theluji mara kumi zaidi ya inavyoanguka kutoka angani, na wa magharibi unaimwaga upande wa mashariki wa migongo ya milima. Ndiyo sababu utabiri umetaja pande hizo.

Kwa hiyo jibu langu: Jumamosi mnaweza kwenda, ila msipande wala kushuka mteremko wowote wenye ukali unaofika nyuzi 30, na juu yenu pasiwe na mteremko kama huo. Maporomoko mengi ya bamba hutokea kati ya nyuzi 30 na 45, na kwenye 38 hivi ndipo penye hatari kuliko pote.

Mteremko38:

Nakubali kuhusu tabaka, ila tusiwatishe watu bure. Wachimbe shimo, wafanye kipimo cha nguzo ndefu: upana sentimita 90, kina kwenda nyuma sentimita 30. Beleshi unaliweka ncha moja ya nguzo, unagonga mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ufa usipovuka nguzo nzima, mteremko wa nyuzi 33 au 34 unatelezeka. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo.

TabakaDhaifu:

Hapana mkuu, hapa nitakupinga waziwazi kwa sababu kuna wageni wawili wanaosoma. Umekieleza kipimo sawasawa, ila umekitumia kinyume. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo lile lile au linalofuata, jibu ni wazi: geuzeni. Usipovuka, mmejua habari za sentimita 90 tu. Theluji iliyosukumwa na upepo ina kina cha mita moja na nusu hapa, na hatua ishirini mbele ina sentimita 40, na pale penye wembamba ndipo uzito wa mtu unapolifikia tabaka kirahisi. Shimo linaruhusiwa kuwapunguzia mpango. Kuwaongezea, haliruhusiwi.

Dalili zenye uzito kuliko shimo hazihitaji beleshi: mlio mzito wa "wumf" chini ya miguu theluji inapojikalia, nyufa zinazokimbia mbele ya ncha za skii, na poromoko jipya upande ule ule mnaotaka kwenda. Mkiona mojawapo, hakuna kujadiliana.

Binti_wa_Skii:

Mimi nijibu swali la wageni, maana hilo ndilo linalorukwa. Kaka, kuwa na transiva tano si sawa na kuwa na waokoaji watano. Aliyezikwa akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 za mwanzo, uwezekano wa kuwa hai ni mkubwa sana, karibu asilimia 90 kama hakuumizwa na miti au mawe. Baada ya hapo unaporomoka, na ikifika dakika 35 ni karibu mmoja kati ya watatu. Helikopta haifiki ndani ya muda huo. Mnaokoana wenyewe.

Ijumaa jioni nendeni bustani yoyote yenye theluji, fukieni begi lenye transiva inayotuma, kisha wageni walitafute mpaka walipate bila kuelekezwa. Hatua ni hizi. Wote waliobaki juu wanageuza transiva zao kwenye kutafuta. Mmoja akisahau, wengine watamfuata yeye badala ya aliyezikwa. Anzeni pale mtu alipoonekana mwisho, mshuke, nafasi kati ya mtafutaji na mtafutaji isizidi mita 40. Ishara ikishika, fuata mshale na namba ya umbali kwenye transiva. Mita 10, punguza mwendo. Mita 3, vua skii, shusha transiva iguse theluji, na uisogeze kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, kulia na kushoto, bila kuizungusha. Hapa ndipo watu hupoteza dakika: mkono unakimbia kuliko kifaa kinavyoweza kusoma. Polepole ndiyo haraka yenyewe.

Kwenye namba ndogo kabisa, choma fimbo kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kisha zunguka kwa nafasi za sentimita 25. Ikigusa kitu, iache palepale. Kuchimba kunaanzia upande wa chini, umbali wa mara moja na nusu ya kina kilichosomwa: kama ni mita moja, anza mita moja na nusu chini ya fimbo. Mmoja anakata mbele, wengine wanasukuma theluji nyuma kama wanapiga kasia, mnabadilishana kila dakika moja. Mtu aliyezikwa kina cha mita moja anahitaji kuhamishiwa theluji ya tani moja na zaidi, na imeganda ngumu. Beleshi la plastiki linavunjika hapo.

Simu ikae sentimita 20 mbali na transiva inapotuma, na sentimita 50 inapotafuta. Glavu za umeme nazo zinavuruga. Betri weka aina aliyotaja mtengenezaji. Nyingi zinataka alkalini, na za kuchaji huonyesha asilimia isiyo ya kweli. Ikiwa chini ya 60, badilisha.

Asubuhi kwenye gari: kiongozi anaweka yake kwenye kutafuta, wenzake wanapita mbele yake mmoja mmoja wakiwa wanatuma. Kisha anageuza, yeye anatuma na wao wanatafuta. Dakika tatu tu.

Ngozi_na_Nta:

Jambo ambalo halijasemwa: kwenye sentimita 65, mteremko wa nyuzi 15 hautelezi. Mtasimama katikati mkijisukuma kwa fimbo za skii. Tafuteni nyuzi 22 hadi 27, ndani ya miti iliyoachana, ambapo upepo haukufika. Ramani yenye rangi za ukali wa mteremko inasaidia kupanga, lakini haioni kigenge kidogo cha mita tano. Ukifika, laza fimbo ya skii juu ya theluji kufuata mteremko, weka kipimo cha nyuzi cha simu au dira juu yake, usome.

Kupanda kutawachosha kuliko mnavyodhani. Anayefungua njia abadilishwe kila dakika 5 hadi 10, kabla hajatoa jasho, maana Berthoud Pass ni mita 3,446 na jasho hilo litaganda mkisimama. Aurora iko karibu mita 1,650, kwa hiyo mwenye kichwa kinachouma na kichefuchefu asisukumwe, ateremke.

Ngozi: kabla ya kubandika tena, futa uso wa skii ukauke kabisa. Chembe za barafu kwenye gundi ndizo zinazofanya mkia wa ngozi ubanduke katikati ya kona. Ngozi zikivuliwa zikae ndani ya jaketi, zisiingie begini. Theluji ikianza kuganda kwa mabonge chini yake, kwangua, kisha paka nta. Bebeni mikanda minne ya mpira ya kufungia skii. Gundi ikikataa, mkanda mmoja kwenye mkia unawafikisha. Bomba la maji la begi litaganda, chukueni chupa.

Na miti yenyewe: chini ya matawi ya chini kuna uwazi uliofunikwa na theluji laini. Aliyetumbukia kichwa chini hajitoi. Shukeni wawili wawili, kila mmoja anamwona mwenzake.

Nyikani_Aurora:

Asanteni sana, nimeelewa. Tumepata mteremko wa nyuzi 25 ndani ya miti. Tatizo, njia fupi ya kuufikia inapita chini ya bakuli la mlima (bonde lililozungukwa na miteremko mikali) linalotazama kaskazini-mashariki. Sisi hatupandi bakuli, tunakatiza tu kwenye tambarare, mita kama 200. Tukiachana nafasi si inatosha?

TabakaDhaifu:

Haitoshi, na naomba muifute hiyo njia kwenye ramani. Tabaka la namna hii linabeba ufa mbali. Mkanyago wa mtu aliye tambarare unaweza kuvunja tabaka chini yake, ufa ukapanda hadi kwenye mwinuko, na bamba likashuka juu yake. Tarehe 20 Aprili 2013, Sheep Creek karibu na Loveland Pass, kundi la watu 6 lilikuwa linakatiza chini ya mteremko unaotazama kaskazini kuelekea mahali salama zaidi. Utabiri walikuwa wameusoma. Wote 6 walikamatwa, 5 wakafa. Nafasi waliyoachiana ilikuwa ndogo kuliko upana wa poromoko, kwa hiyo hakubaki wa kumchimba mwenzake.

Zungukeni kwa mgongo wenye miti hata kama ni dakika 40 zaidi. Kama hakuna njia nyingine, mteremko huo si wa Jumamosi hii. Vilevile kaeni mbali na makorongo yaliyo juu ya barabara ya US 40, likiwemo la Stanley. CDOT, idara ya uchukuzi ya Colorado, huilipua theluji ya humo baada ya dhoruba ili iporomoke, na barabara hufungwa.

Binti_wa_Skii:

Nyongeza, kaka: utabiri mpya hutoka jioni, usomeni Ijumaa usiku na tena asubuhi, kwa sauti, wote watano mkiwa pamoja. Yeyote kati yenu akisema "turudi", mnarudi bila kumtaka ajieleze, na hili waambieni wageni mapema maana wao ndio watakaoona aibu kusema. Mwachieni mtu wa nyumbani jina la maegesho, njia, na saa ambayo akiwa hajasikia kitu apige 911. Simu zinakata milimani, kwa hiyo hiyo saa iwekeni kwa kuhesabu na muda wa foleni ya barabara ya I-70 mkirudi.