Shangazi mmoja, sura nne: watayarishaji wa Jeeves and Wooster walitudharau

Wakuu, naomba mtu anieleze: mtayarishaji mwenye akili timamu anawezaje kubadilisha mwigizaji wa mhusika yuleyule kila msimu, halafu akategemea watazamaji tutanyamaza?

Nazungumzia Jeeves and Wooster, ile tamthilia ya ITV ya Uingereza ya 1990 hadi 1993. Misimu 4, sehemu 23. Hugh Laurie ndiye Bertie Wooster, kijana tajiri wa London asiye na kazi wala mpango. Stephen Fry ndiye Jeeves, mtumishi anayemchagulia hadi soksi na kumnasua kila anapojiingiza matatani. Kwa hao wawili sina neno. Muziki wa Anne Dudley ukianza tu, raha tupu. Na hasira yangu inatoka hapohapo, maana kazi ilikuwa nzuri mno kuchezewa hivi.

Shangazi Dahlia. Msimu wa kwanza ni Brenda Bruce. Wa pili, Vivian Pickles. Wa tatu, Patricia Lawrence. Wa nne, Jean Heywood. Wanawake wanne! Na huyu si mpita njia aliyeleta barua akaondoka. Huyu ndiye shangazi anayempenda Bertie kwa dhati, anayemtukana usoni na bado wakapatana, anayemtuma akaibe kile kijagi cha fedha chenye umbo la ng'ombe na kumtishia kwamba akikataa hataonja tena mapishi ya Anatole, mpishi wake. Utamu wote wa kisa kile umo katika mazoea yao ya tangu Bertie mtoto. Mazoea gani hayo, ikiwa kila mwaka anakaa mezani na mgeni?

Madeline Bassett nao wamepita watatu: Francesca Folan, Diana Blackburn, Elizabeth Morton. Bertie anaishi kwa hofu ya kujikuta amemwoa binti huyu, sisi hata sura ya kuogopa hatupewi.

Lililonichoma zaidi ni Gussie Fink-Nottle, rafiki wa Bertie. Richard Garnett alimpatia hasa. Kumbukeni anavyogawa zawadi shuleni Market Snodsbury akiwa amelewa chakari. Msimu wa tatu wakamwondoa, wakamleta Richard Braine. Huyuhuyu Braine tulishamwona msimu wa kwanza akiwa Steggles, yule laghai wa kamari! Yaani walidhani tumesahau?

Msiniambie waigizaji wana ratiba zao. Kila Spode alipotokea na ubabe wake alikuwa John Turner, ndiyo maana ukimsikia tu anaunguruma unajua Bertie amekwisha. Na tazameni Poirot, tamthilia ya mpelelezi wa mauaji iliyoanza 1989 kituo hichohicho. Mtayarishaji Brian Eastman, yuleyule. Mwandishi Clive Exton, yuleyule. Kule Hugh Fraser alibaki Hastings, rafiki wa Poirot, Philip Jackson akabaki Japp wa polisi, Pauline Moran akabaki Miss Lemon, katibu wake, na hata 2013 waliporudi baada ya miaka mingi walirudi walewale. Kwa hiyo uwezo wa kutunza sura walikuwa nao, wakautumia kwa mauaji na kuunyima ucheshi.

Kwa nini Hastings awe mmoja na Dahlia wawe wanne? Anayewatetea aje na hoja, si matusi.