Naomba ushauri: kupima bashi (turubai) ya hema la kupuliza kabla sijaikata

FundiTurubai (Goma)
Jambo wakubwa. Ninachomelea turubai hapa Birere. Mteja ameagiza hema la kupuliza, la harusi na vilio. Litasimama kwa mirija yenye upana wa sentimita 40, inajazwa hewa na kufungwa kabisa, presha kilopaskali 20. Nina sampuli mbili za poliesta iliyopakwa PVC (plastiki): ya gramu 900 kwa mita mraba, ngumu, ukiikunja inabaki na alama nyeupe, na ya gramu 650, laini. Muuzaji anasema nzito ndiyo imara. Mashine ya kuvutia kitambaa sina. Nipime vipi?

Bidoni20
Chukua nzito ndugu, umalize.

MhandisiKivu
Hapana, ngoja kwanza. Nguvu ya kuvuta inatoka kwa nyuzi za ndani, na gramu nyingi zinaweza kuwa PVC tupu. Piga hesabu: presha mara nusu ya upana wa mrija. Paskali 20,000 mara mita 0.2 ni niutoni 4,000 kwa mita, yaani 200 kwa ukanda wa sentimita 5. Ni karibu kilo 20, bidoni (dumu) moja ya maji. Bashi nzuri ya gramu 650 inabeba zaidi ya mara kumi ya hapo. Kinachotisha ni kiungo ulichochomelea, na mkunjo.

Na jua! Hewa uliyofunga asubuhi kwa digrii 20 ikifika digrii 45, kwa mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi, kilopaskali 20 zinakuwa karibu 29. Weka vali ya kupunguza presha, tafadhali sana.

FundiTurubai
Aksanti mukubwa. Kiungo sasa?

MamaHema (Bukavu)
Kata kanda za sentimita 5, upana uleule wa ISO 1421 (kipimo cha kimataifa cha kuvuta kitambaa kilichopakwa), nyingine zifuate mtande (nyuzi za urefu wa roli), nyingine mshindio (nyuzi za upana), maana pande hizo hazina nguvu sawa. Unga mbili kama utakavyounga hema, chora mstari wa kalamu unaovuka ukingo wa kiungo, kisha ning'iniza bidoni tatu za lita 20 juani mchana kutwa. Asubuhi kwenye baridi kila kiungo kinashika. PVC ikipata moto ndipo kinaanza kuteleza polepole, na ule mstari utakatika.

Kiungo kingine kimenye kwa mkono. PVC mbili zikiachana safi, joto halikutosha. Zikishikana lakini PVC inabanduka kwenye nyuzi kama ganda la ndizi, roli hiyo usinunue.

Mkunjo: kunja kipande mara mbili ili mistari ipitane msalaba, kanyaga, fungua, kunja upande wa pili, rudia hadi mkono uchoke. Kifunge kwenye mdomo wa bomba lenye hewa, paka maji ya sabuni pale kwenye msalaba. Povu likitoka, pamepasuka. Hiyo yenye alama nyeupe inanitia wasiwasi, kwa sababu hema litakunjwa kila wiki kupanda chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo).

MwanaMajengo
Na mawe yetu ya volkeno msisahau. Tia wembe sentimita 2 katikati ya kipande, uvute. Mpasuko ukikimbia, bashi hiyo haifai kulala chini hapa Goma.

FundiTurubai
Nakata kanda za zote mbili leo. Vali ya boti la mpira itafaa?

MhandisiKivu
Itafaa. Tafuta inayofunguka kwenye kilopaskali 25 hivi, na uihakikishe kwa kipimo cha presha kabla ya kuichomelea.