Sitaha imebonyea chini ya mlingoti: gumzo la familia

Kaka: Asalaam aleikum jamaa. Boti ya marehemu Baba inanitia wasiwasi. Waya za ubavuni zinazoushikilia mlingoti nilizikaza wiki iliyopita, leo zimelegea tena. Nikalaza ubao ulionyooka juu ya sitaha: chini ya mlingoti pamebonyea sentimita moja na nusu.

Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Usitoke nayo. Na watoto usiwapakie.

Kaka: Sitoki, Mama. Iko juu ya mchanga, hapa hapa Kilifi.

Dada: Hata mlango wa chumba unakwama juu siku hizi. Nilidhani ni unyevu tu.

Binamu (Sharjah): Dada, hilo si dogo. Sitaha inashuka inaukandamiza mlango. Kaka, waya usizikaze tena! Kila ukizikaza zinauvuta mlingoti chini. Ukiwa na tanga kwenye upepo mkali, mlingoti unasukuma sitaha kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake wenyewe.

Kaka: Kuna fundi kaniambia tutoboe vitundu juu, tumimine resini, ile gundi ya majimaji inayoganda, siku moja kazi imekwisha.

Binamu (Sharjah): Usikubali. Sitaha yetu ni ngozi mbili za faiba, katikati mbao ya balsa, nyepesi na laini. Maji yameingilia kwenye skrubu za bamba la mlingoti, mbao imeoza. Resini haishiki mbao iliyolowa. Utafunika uozo, basi. Chukua bisibisi, gonga kwa mpini kuanzia mbali ukija kwenye mlingoti. Palipo pazima panalia kavu, palipooza sauti inakufa. Piga chaki mpaka wake.

Kaka: Nimegonga. Duara la sentimita 60 hivi, limetambaa zaidi kushoto, kwenye tundu la waya wa taa. Nimetoboa kidogo, imetoka mbao nyeusi, ukiikamua inatoa maji 😔

Ami: Wanangu, faiba siijui, mimi nimekulia kwenye mashua. Nauliza kitu kimoja. Uzito wa mlingoti unashukia wapi? Mashua yetu mlingoti unapita mpaka chini, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ndio unaoubeba. Huo wenu umesimama juu ya dari, hiyo sitaha yenu. Chini ya dari pana nini?

Kaka: Pana nguzo ya mbao Ami, mle chumbani.

Ami: Na nguzo imesimama juu ya nini?

Kaka: Ngoja nifunue sakafu.

Kaka: 📷 Subhanallah. Nguzo imekalia kipande cha mbao ndani ya ngama, kule chini maji yanakokusanyika. Nimekichoma kwa bisibisi, imezama mpaka kwenye mpini.

Binamu (Sharjah): Ami, Mungu akuweke. Mimi nilikuwa nataka kukata sitaha tu. Tungeitengeneza juu ikawa nzuri, halafu nguzo ikaendelea kuzama na sitaha ikaifuata.

Dada: Sasa mnaanzia wapi?

Binamu (Sharjah): Mlingoti ushuke kwanza, usiguse chochote mlingoti ukiwa bado umesimama. Halafu jeki chini ya sitaha, na ubao mpana juu ya jeki isije ikapasua faiba. Nyanyua kidogo kidogo, milimita chache kwa siku, mpaka ule ubao wa juu ulale sawa na mlango ufunge. Hapo ndipo unapima kitako kipya cha kukalia nguzo, na nguzo yenyewe.

Ami: Kitako nitakuchongea mimi. Nina kipande cha mvule kikavu, cha miaka.

Binamu (Sharjah): Kipake epoksi, resini ya kuchanganya, pande zote Ami, na chini ukiachie mfereji, maji ya ngama yapite yasituame pale.

Binamu (Sharjah): Juu: kata ngozi ya juu kwa grenda kufuata chaki, uitoe nzima, tutairudisha. Kwangua uozo wote hadi mbao kavu nyeupe. Acha jua na upepo vifanye kazi, hata wiki mbili. Usirudishe balsa chini ya mlingoti, inabonyea. Weka plaiwudi ya marini, tabaka juu ya tabaka, kwa epoksi.

Kaka: Joto la huku epoksi inaganda mkononi.

Binamu (Sharjah): Changanya alfajiri, kidogo kidogo, kwenye sinia pana. Ukiiacha kwenye kopo inachemka yenyewe. Na skrubu: toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikikauka toboa tena katikati. Maji yakipita, yakute epoksi, yasiione mbao.

Dada: Na ule waya wa taa?

Kaka: Nitaupandisha kwenye kijibomba kirefu kidogo, mdomo uangalie chini. Tundu la zamani naziba kabisa.

Mama: Nani atashusha mlingoti? Usijaribu peke yako.

Ami: Jumapili nakuja na vijana wanne na kamba zangu. Maji yakiwa yametoka, saa mbili asubuhi. Mvule naja nao.

Mama: Nitawapikia. Kaka, lile turubai la Baba liko stoo, lifunike boti usiku huu, mawingu yale si mazuri.

Kaka: Nakwenda sasa hivi, Mama.