Mrejesho: amri ya zuio nimeipata

Wapendwa, niliuliza kama mwanamke anayepigwa na mwanamke mwenzake waliyekuwa wakiishi pamoja anaweza kupata amri ya mahakama ya kumzuia huyo mwenzake hapa Uingereza, maana nilidhani sheria inawajua mume na mke tu. Inawezekana. Sheria ya Familia ya 1996 inawahusu pia wapenzi wa jinsia moja, hata bila ndoa.

Nilijaza fomu ya kuomba amri hiyo, FL401, haina ada, nikaambatanisha maelezo: lini, wapi, alinifanya nini. Picha ya simu aliyoivunja na zile meseji za "nitawaambia nyumbani Tanga wewe ni nani" niliziweka zote, na jaji aliniuliza hasa kuhusu hizo meseji. Akatoa amri bila mwenzangu kuitwa kwanza. Anwani yangu mpya nimeificha kwa fomu C8. Karatasi za mahakama usimpelekee wewe mwenyewe, hairuhusiwi. Wangu alipelekewa na mtu wa mahakama. Sasa akiivunja huku anaijua ni kosa la jinai, jela hadi miaka 5.

Kikao cha pande zote mbili bado. Dada uliyesisitiza nibadilishe nywila kabla ya kuhama, asante mno: yule mwenzangu alijaribu kuingia kwenye barua pepe yangu usiku uleule.