Makengeza ukubwani: kupasua au kuacha? Niko Mafinga

Mbao_Ngumu
Wakuu, habari za humu. Nina miaka 31, jicho la kushoto limeingia ndani kuelekea pua tangu utotoni na halioni sawasawa hata nikivaa miwani. Daktari wa macho kasema misuli inaweza kupasuliwa. Je, umri huu bado inawezekana? Uoni utaongezeka? Kiwandani kwenye mbao nitakaa nje siku ngapi? Halafu kuna wanaosema jicho hutolewa nje likalazwa shavuni, hilo ndilo linalonitoa jasho.

Prizimu
Hilo la shavuni futa kabisa. Daktari anachana utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, anaunasa msuli kwa ndoano ndogo, anamaliza kazi hapo hapo na kushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Ngozi haiguswi, kovu la usoni halipo.

Umri si kizuizi. Ila elewa kinachonyooshwa ni mkao wa jicho. Jicho lililozoea uvivu tangu utotoni litabaki na uoni ule ule. Anayekuahidi zaidi ya hapo mwogope.

Kazi kubwa ni kupima. Unaangalia kitu kilicho mita 6, kisha cha sentimita 33, daktari akifunika macho kwa zamu na kuweka vioo vya prizimu (vinavyopinda mwanga) mpaka jicho liache kuruka. Namba inayopatikana ndiyo ukubwa wa kengeza, kipimo chake kinaitwa diopta za prizimu. Nenda na miwani yako, kwa sababu mwenye uoni wa mbali (anayeona vya mbali kuliko vya karibu) kengeza lake hupungua akiivaa, na hiyo sehemu iliyopungua haipasuliwi. Namba zikitofautiana sana kati ya siku mbili za kliniki, subiri kwanza.

Mfano: kengeza la ndani la diopta 35, likifanyiwa jicho moja, msuli wa ndani hurudishwa nyuma kama mm 5 na wa nje hufupishwa mm 7 hadi 8. Kwako watashika hilo la kushoto, zima haliguswi bila sababu. Na ujiandae kisaikolojia: jicho linaweza kubaki limeingia kidogo au likapitiliza nje, na wapo wanaorudi mezani mara ya pili.

Kahawa_ya_Mbozi
Naongezea jambo ambalo wengi hawaulizi: kuona vitu viwili viwili. Ubongo wako umezoea kuizima picha ya kushoto. Jicho likihama, picha inaweza kuangukia mahali ambapo ubongo haujapazima. Kwa hiyo kabla ya tarehe, omba wakuwekee prizimu yenye nguvu ya kengeza lako, uangalie taa na maandishi. Ukiona taa mbili na haziungani, mwambie daktari pale pale, anaweza kuamua kukuachia kengeza kidogo kwa makusudi. Siku au wiki za mwanzo baada ya upasuaji kuona viwili ni kawaida, na kwa wengi huisha. Mpaka kuishe, usiendeshe bodaboda wala kusimama mbele ya msumeno.

Dada_Uyole
Safari yako ianze na rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au ya kanda hapa Mbeya. Ulizia mapema kama kuna mpasuaji wa makengeza, maana bingwa wa macho anaweza kuwa hodari wa mtoto wa jicho na misuli asiishike. Asipokuwepo, uliza kuhusu hospitali za Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi. Usishangae ukielekezwa kliniki ya macho ya watoto, mabingwa wa makengeza mara nyingi wako huko. Kibali cha bima kipate kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, na panga kulala karibu na hospitali kama wiki, kuna kuangaliwa kesho yake na tena baada ya siku kadhaa.

Ni nusu kaputi, kwa hiyo chakula kinakoma masaa 6 kabla ya upasuaji, maji masaa 2 kabla. Taja dawa zote unazotumia. Msuli ukivutwa mapigo ya moyo huweza kushuka, ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huwa na atropini, dawa ya kuyapandisha, karibu.

Wekundu hukaa wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Matone usiruke. Nywele zioshe ukiwa umeinamisha kichwa nyuma, povu lisiingie. Kwenye vumbi la mbao kaa mbali angalau wiki 2, ukirudi vaa miwani iliyoziba pembeni. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, uoni ukishuka, au jicho likagoma kabisa kwenda upande mmoja, rudi siku hiyo hiyo: msuli unaweza kuwa umeteleza kwenye mshono.

Makambako_Junction
Na mtu mzima ambaye kengeza limeanza juzi tu?

Prizimu
Huyo asisubiri rufaa ya upasuaji. Apimwe sukari, presha na mishipa ya fahamu. Kope ikiwa imeanguka na mboni imepanuka, aende dharura leo. Na kama ni mshipa wa fahamu uliopooza, kisu huja angalau baada ya miezi 6, namba zikiwa zimetulia.