Polisi: kurekebisha au kuvunja kabisa? Tunaandaa mdahalo Uyole

Mwanauyole
Wakuu, salaam. Vijana wa kata tunaandaa mdahalo: Jeshi la Polisi lirekebishwe au livunjwe? Wanaotaka livunjwe wanatolea mfano Marekani baada ya George Floyd kuuawa na polisi mwaka 2020. Naomba hoja zenye nyama: nani ana mamlaka hayo, kazi zingeenda kwa nani, na waliojaribu walikwama wapi.

Wakili wa Soweto
Anzeni na Ibara ya 147 ya Katiba. Inapiga marufuku mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi, na Jeshi la Polisi limetajwa humo kwa jina. Madiwani wa Jiji la Mbeya hawana kauli hapo. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Minneapolis, alikouawa Floyd, idara ya polisi ni ya jiji, na bado ilishindikana. Katiba ya jiji iliwabana wawe na watumishi wa polisi wasiopungua 1.7 kwa kila wakazi 1,000, kwa hiyo madiwani walioahidi Juni 2020 kuivunja hawakuweza bila kura ya wananchi. Novemba 2021 wapiga kura wakakataa. Camden, New Jersey, idara ilivunjwa kweli mwaka 2013, ila kaunti iliunda nyingine papo hapo na askari wa doria wakaongezeka. Huko ni kuunda upya, msiiite kufuta.

Kihesa Juu
Mimi nadhani mjadala uanzie kwenye kazi, mkuu, kabla ya jina la chombo. Mengi yanayofika kaunta si jinai. Mfanyabiashara kachukua magunia ya viazi kwa mali kauli pale Isyonje, bei imeshuka, hajalipa. Hilo ni dai la mahakama ya mwanzo. Mwenye mali anakwenda kituoni, linaandikwa "kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu", mdaiwa anapigiwa simu, anaambiwa alipe au alale ndani. Askari amegeuka mkusanya madeni, na hapo ndipo rushwa inapopata mlango. Marejesho ya vikoba nayo yanaishia huko huko, na mipaka ya mashamba pia.

Ondoeni kazi hizo polisi. Hakuna haja ya kugusa Katiba: RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) anaweza kuwaagiza OCS (wakuu wa vituo) wote wasifungue jalada la deni lisilo na dalili ya ulaghai tangu siku ya makubaliano.

Mwakaleli2
Naunga mkono, ila tusijidanganye kuhusu atakayejaza pengo. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 kwa sababu polisi hawakuwafikia wafugaji walioibiwa ng'ombe. Wizi ulipungua, lakini viboko na mauaji vilikuwepo pia. Huku kwetu tunawajua "wananchi wenye hasira kali". Kibaka akipigiwa kelele Mwanjelwa, dakika kumi zinatosha kumuua, na hakuna wa kumuuliza.

Ulinzi shirikishi unaofaa una masharti: mkutano wa mtaa uwapitishe walinzi kwa majina na muhtasari uandikwe; kila zamu iwe na daftari; mchango wa kaya utolewe risiti; anayekamatwa apelekwe kituoni bila kuchelewa. Kumfungia ofisi ya mtendaji hadi asubuhi ni kosa. Unaharibika pale kamanda wa sungusungu anapokuwa ndiye mkusanya michango.

Mnyalu wa Mafinga
Hayo yote ni ya kituo na mtaa. Nani anamchunguza polisi? Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mikononi mwa askari waliokuwa wakitawanya mkutano wa siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja! Na waliompa amri? Kenya wana IPOA tangu 2011, chombo cha kiraia kinachochunguza vifo vinavyosababishwa na polisi. Sisi tunalalamika kwa polisi wenyewe, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inaishia kutoa mapendekezo. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti Julai 2023. Someni mapendekezo yake kuhusu polisi kabla ya kupanda jukwaani.

Mwanauyole
Asanteni sana. Je, kuna jambo moja ambalo kata inaweza kulidai kuanzia sasa?

Wakili wa Soweto
Muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji mshukiwa, na zinahesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Mtu anakamatwa Igawilo saa mbili asubuhi, anazungushwa kwenye gari, anaandikwa kwenye daftari la mahabusu saa tisa alasiri, na saa zinaonekana zimeanza hapo. Ndugu aandike saa na mahali alipokamatwa, jina la askari na mashahidi wawili, kisha amkabidhi msaidizi wa kisheria wa kata siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo ndiyo itakayolinganishwa na daftari la kituo mahakamani. Na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.