Krismasi ya kwanza ukiwa misheni nje ya nchi: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wapendwa, salamu. Mdogo wangu yuko misheni nje ya nchi tangu katikati ya mwaka, na Krismasi hii itakuwa ya kwanza kwake mbali nasi. Ujumbe wake wa wiki iliyopita ulikuwa mfupi kuliko kawaida, na sisi tunaomjua tunajua akiandika kwa ufupi vile ana jambo moyoni. Nataka nimkusanyie simulizi za waliopita njia hiyo, nimtumie kabla ya tarehe 24. Mawaidha ya jumla anayo ya kutosha. Nielezeni mlikuwa wapi, mlikaa na nani, na zile saa ngumu mlizipitishaje.

Kwa wasiofahamu: nazungumzia vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wanawajua kwa jina la Wamormoni. Tangu Oktoba 2012 kijana wa kiume anaruhusiwa kwenda misheni, yaani kueneza injili, akiwa na miaka 18. Anatumikia miaka miwili, dada anatumikia miezi 18, na katikati hakuna likizo ya kuja nyumbani. Nchi hachagui, wala mwenzi wa misheni atakayeishi naye hachagui. Kwa kijana wa kiume, hizo ni Krismasi mbili ugenini.

Aliyetumikia Japani

Mimi ni wa enzi za simu mbili kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Barua pepe tuliandika kila wiki, lakini sauti ya mama uliisikia mara hizo mbili tu. Utaratibu ulibadilika Februari 2019. Sasa mmisionari anaweza kuongea na nyumbani kila wiki, hata kwa video, siku yake ya maandalizi, ile ya kufua na kufanya shughuli zake binafsi. Nawafurahia sana vijana wa leo kwa hilo.

Japani tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi. Mapambo yamejaa mitaani na nyimbo zinapigwa madukani, lakini treni zimebeba watu wanaokwenda ofisini kama kawaida. Asubuhi ile tulisoma Luka 2, mimi na mwenzi wangu, miguu ikiwa ndani ya blanketi kwa baridi, kisha tukatoka kufanya kazi. Jioni familia moja ya tawi letu, yaani kusanyiko letu dogo la waumini, ikatuita kwao ili tupige simu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kila nililotaka kumwambia mama. Aliposema "haloo" tu, macho yalijaa, karatasi haikusomeka tena. Akaniuliza kama nakula, kama nina soksi nzito, kama viatu havijatoboka. Nikawa najibu ndiyo, hapana, ndiyo, na muda ukaishia hapo. Baba wa familia ile alinyanyuka, akatoka na kufunga mlango taratibu ili nilie bila kutazamwa. Nilipomaliza nikakuta keki ya krimu na stroberi iko mezani haijakatwa, wote wamekaa wananisubiri.

Ushauri wangu kwa huyo mdogo: kama tofauti ya saa inaruhusu, aongee na nyumbani mapema, halafu awe na mahali pa kwenda baada ya hapo. Kinachoumiza ni kukata simu ukabaki unatazama ukuta.

Mama wa wamisionari wawili

Vifurushi vitumeni mapema, ikiwezekana Oktoba. Cha mwanangu wa kwanza kilikaa forodhani hadi Februari. Kwa wa pili niliacha vitu vizito, nikatuma barua tu: kila ndugu aliandika yake, na juu ya kila bahasha tukaandika siku ya kuifungua, kuanzia tarehe 20 hadi Mwaka Mpya. Aliniambia baadaye kwamba ya babu yake aliisoma hadi ikachanika kwenye mikunjo.

Nawe mwanzisha mada, mwangalie na mama yako. Siku ile sisi tuliobaki nyumbani tunahesabu sahani na mkono unachukua moja zaidi wenyewe.

Aliyetumikia Peru

Naomba nisimulie kwa urefu kidogo, maana hii nimekuwa nikitamani kuisimulia.

Mmisionari ana ratiba yake: usiku unaingia ndani mapema, na saa nne na nusu uwe umelala. Sasa Peru Krismasi yenyewe ni saa sita usiku wa tarehe 24. Hapo ndipo watu wanakumbatiana, fataki zinalipuliwa, na sanamu ya Mtoto Yesu inalazwa kwenye hori la pango walilolipamba sebuleni. Kabla ya hapo hori linakaa tupu. Baada ya hapo ndipo wanakula: bata mzinga, panetón (mkate mtamu wenye matunda makavu), na chokoleti ya moto, ingawa Desemba kule ni kiangazi na watu wanajifuta jasho.

Mwenzi wangu alikuwa mgeni kabisa misheni. Tangu asubuhi hakuwa amekula wala kuongea, anaitikia kwa kichwa tu. Familia moja ya waumini ilikuwa imetualika, na bibi yao, Mkatoliki tangu kuzaliwa, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Aliposikia kwamba sisi saa sita tutakuwa tumelala, hakubishana na ratiba yetu. Alisema basi kwake saa sita itaingia saa kumi na mbili jioni, na nyumba nzima ikatii. Wajukuu walivalishwa nguo zao mpya, mishumaa ikawashwa huku nje bado kuna mwanga, jirani wakichungulia dirishani wasielewe kinachoendelea.

Sanamu ya Mtoto alikuwa ameifunga kwenye leso nyeupe. Kwa kawaida mjukuu mdogo kuliko wote ndiye anayeilaza horini. Bibi akampita mjukuu, akaenda moja kwa moja kwa mwenzi wangu, akamwekea ile leso viganjani. Kijana akapiga magoti. Vidole vilikuwa vinatetemeka hadi fundo likamshinda kufungua, na yule mtoto aliyepitwa akaja kumsaidia kulifungua. Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwita mwanangu. Hapo ndipo kijana alipolia, na alipomaliza kulia akala sahani mbili.

Tukarudi kwetu kwa wakati. Fataki zilipoanza tulikuwa kitandani, mji mzima unanguruma, na mwenzi wangu akaniuliza gizani kama bibi ana mtu wa kumsaidia kuosha vile vyombo vyote. Nikajua kesho ataamka salama.

Dada aliyetumikia Poland

Nimesoma ya Peru nikashukuru, lakini mdogo wako ajue pia kwamba kuna Krismasi zinazokwenda vibaya bila mtu kukusudia.

Mwaka wangu wa kwanza hatukualikwa popote. Kila familia ya tawi ilidhani nyingine imetuita. Poland jioni ya tarehe 24 mabasi yanapungua, maduka yamefungwa, mtaani hakuna mtu. Tulikula mkate na mayai. Mwenzi wangu aliingia bafuni akafungua bomba ili nisisikie, na mimi nikaimba kwa sauti ili ajue sisikii. Waumini walipokuja kugundua waliumia kuliko sisi. Tangu mwaka uliofuata karatasi ya kuwaandikia wamisionari ilianza kuzunguka kanisani mapema Novemba.

Mwaka wa pili aliyetuita ni mama mzee aliyekuwa anahudhuria darasa la Kiingereza tulilofundisha bure. Kule chakula kinaanza nyota ya kwanza ikionekana, na kwa desturi ni vyakula 12, samaki wamo, nyama hamna. Kila mtu anapewa kipande cha mkate mwembamba unaoitwa opłatek, unamega cha mwenzako naye anamega chako huku mnatakiana heri. Mezani kulikuwa na sahani moja na kiti kisichokaliwa, ambacho desturi inataka kiachwe kwa mgeni asiyetarajiwa. Mama yule alisema mwaka uliopita kilikaa vilevile kitupu, nasi tulikuwa mtaa wa pili tu.

Aliyetumikia Finland

Fupi tu. Kaskazini kabisa mwa nchi, Desemba jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Tulikuwa tumewatembelea waumini huko, na mkesha wa Krismasi wakatupeleka makaburini, kwa kuwa ni desturi ya Wafini kuwasha mishumaa kwa wafu wao usiku ule. Theluji yote imejaa miali. Kurudi nyumbani tukasoma 3 Nefi 1 kwenye Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha kanisa letu: waumini waliopangiwa siku ya kuuawa ishara ya kuzaliwa kwa Kristo isipotokea, kisha jua likatua na giza lisiingie. Ilikuwa sura niliyoizoea tangu utotoni, ila siku ile ndipo nilipojua kungoja mwanga ni kitu gani. Mwambie aisome usiku huo, asiache kuisoma.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote, na mama nimemsomea. Ya bibi wa Peru aliniomba niirudie. Zote nimezituma, na mdogo wangu amejibu kwamba ataongea nasi asubuhi ya tarehe 25, na jioni watakwenda kuimba kwenye nyumba ya wazee.

Baada ya kusoma ya dada wa Poland nilimpigia rais wa Muungano wa Usaidizi, yaani kiongozi wa kina mama, wa kata yetu ya kanisa kuuliza habari za wamisionari wawili waliopo kwetu. Hakuna aliyewaita, kila mtu alidhani wana pa kwenda. Tarehe 24 jioni watakuwa kwetu, na mama ameshasema nani atalala wapi wageni wengine wakija. Tarehe 25 mchana bado iko wazi. Anayeweza aniandikie leo.